Mwanzo Uko Chini

Nimekula tope la Kericho na nimekula tope la Bomet, na nitawaambia tofauti: la Bomet linalia kwenye meno, la Kericho linateleza kama siagi. Sisemi hivi niwachekeshe, ingawa mnaweza kucheka. Nasema kwa sababu juzi mmoja wenu, kijana wa viatu vyeupe, aliniona pale ukingoni mwa mto nikitia udongo mdomoni, akamwambia mwenzake, "Huyu mzee ako sawa kweli?"

Niko sawa, kijana. Weka udongo kidogo sana kati ya meno ya mbele, saga polepole. Ukisikia kri, kri, hapo kuna mchanga laini, ule ambao hata upepo unaweza kuubeba. Usipolia kabisa, huo ni udongo wa mfinyanzi, ulitulia ndani ya maji yaliyosimama. Mashine yenu inajibu swali hilo baada ya wiki mbili. Meno yangu yanajibu papo hapo, na yamebaki saba.

Naitwa Arap Koske, mtu wa Sosiot. Kazi iliyonizeesha ilikuwa kutoa tope ardhini bila kulivuruga, ili watu waliosoma waangalie ndani yake mvua na kiangazi cha zamani sana, kabla hakujakuwa na mtu wa kuandika kitu. Msiogope, si uchawi. Mto ukifurika unaacha mchanga mzito. Nchi ikikauka, upepo unaleta vumbi kutoka kule chini Bonde la Ufa, na vumbi hilo likianguka kwenye kinamasi halitoki tena. Mvua ikirudi, majani yanaota, yanaoza, yanakuwa tope jeusi. Kila kitu kinalala juu ya mwenzake kama blanketi kitandani. Sisi kazi yetu ilikuwa kutoboa blanketi zote mara moja na kuzitoa zikiwa bado zimepangana.

Mimi nilitoka shimoni, na sioni aibu kusema. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nachimba visima na vyoo kuanzia hapa mpaka Chepalungu. Siku moja nilikuwa ndani ya choo cha shule moja upande wa Sigor, nimeshapita kimo cha mtu, nikaona mwanga umezibwa. Mwanaume mwenye miwani alikuwa amepiga magoti kwenye mdomo wa shimo.

"Mzee, umepita udongo gani na gani?"

"Toka hapo. Unaniangushia mchanga kwa macho."

Hakutoka. Nikamjibu ili aende zake. Nikamwambia juu nimetoa udongo mwekundu wa shamba, halafu mweusi unaonuka kinamasi, na sasa nimesimama kwenye kitu cheupe-cheupe kama unga wa grade wa dukani, hakina hata jiwe moja.

"Na huo unga uliletwa na nini?"

"Upepo. Mto hauwezi kuchagua hivyo. Mto ukija unakuja na mawe yake."

Kisha akauliza kama nataka kazi. Nikamuuliza kazi ya nini, akasema ya kuchimba. Nikamwambia, "Kwani hii unaona nafanya ni ya kuimba?"

"Hapa unachimba upate shimo," akasema. "Mimi nataka uchimbe upate kile kilichokuwa ndani ya shimo."

Sikuelewa, lakini nilipenda jinsi alivyolisema. Huyo ndiye tuliyemwita Profesa, mwalimu wa chuo kikuu kutoka Nairobi. Nilipopanda ngazi na kupangusa mikono, akaniuliza swali la mwisho: nimesoma mpaka darasa gani? Nikamwambia la saba, bila kupepesa macho.

Ukweli ni la pili. Baba alinitoa nichunge ng'ombe, na nilipomaliza kuchunga nikaanza kuchuma majani chai. Kusoma nilijifundisha herufi kubwa kwenye magunia ya mbolea na mbao za maduka. Hata kuandika nilijua kidogo, kwa sababu shule ile ile ya choo ilikuwa imenipa chokaa nichore mbao mbili za uwanja wa mbio. Mwalimu mkuu aliniandikia kwenye karatasi, nami nikanakili. Mbao moja MWANZO, nyingine MWISHO. Ya kwanza niliandika MWANSO, kwa sababu kwetu Z haikai vizuri mdomoni. Watoto walikimbia vizuri tu.

Shikeni hilo neno. Tutalirudia, na litaniuma tena.

Mwenzangu kazini alikuwa Opiyo, mtu wa upande wa ziwa aliyekuja Kericho akiwa kijana kufanya kazi kwenye kiwanda cha majani chai. Miaka mingi alisimama kwenye chumba cha kuchekecha, mahali chai iliyokauka inapita kwenye nyavu na kugawanywa: majani makubwa huku, madogo huku, na ile iliyo laini kabisa, ambayo wao wenyewe wanaiita dasti, mahali pake. Opiyo alikuwa akitia chai kwenye kiganja, anapuliza kidogo, anakwambia ni gredi gani. Profesa alipompa tope lililokaushwa na kupondwa, alilipuliza vile vile.

"Hii ni dasti," akasema. "Hii nyingine hapana. Hii ni majani ya bei rahisi, imejaa vijiti."

Profesa alicheka mpaka akatoa miwani. Lakini alipopeleka lile tope Nairobi, jibu lilirudi kwamba la kwanza lilikuwa vumbi la upepo na la pili mchanga wa mafuriko. Tangu siku hiyo Opiyo alitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Tulitaniana kutoka asubuhi mpaka jioni. Mimi nilimwambia samaki wamemfanya awe na miiba mdomoni. Yeye alisema mursik, maziwa yetu ya kibuyu yenye mkaa, imenifunga ulimi. "Arap, sema bomba." "Pompa." "Sema tena." "Pompa, na wewe shika upande wako." Kwa hiyo tukakubaliana kuiita paipu, na hata hiyo alisema naitamka vibaya.

Paipu yenyewe ilikuwa ya plastiki, ndefu kuliko mtu. Siku hizi mna injini inayotetemeka, mnabonyeza kitufe, mnasimama pembeni mkipiga picha. Sisi tulifunga mti mmoja wa blugamu mkingamo juu ya paipu, Opiyo ananing'inia upande huu, mimi upande ule, tunashuka polepole kama watu wawili wanaokaa kwenye kiti kimoja bila kutaka kugusana. Hutakiwi kuipiga na nyundo. Ukipiga, tope linashtuka. Ikifika chini, unajaza maji juu, unaziba na kifuniko, unainua kwa mnyororo wa gereji, ule wa kuinulia injini, umeufunga kwenye miti mitatu. Ukiinua kwa haraka tope linabaki chini na wewe unapata paipu tupu na aibu. Nimepata zote mbili, zaidi ya mara moja.

Kuna moja niliiangusha kabisa. Tulikuwa tunaipakia kwenye Landrova, gambuti yangu ikateleza, paipu ikagonga bampa na kupasuka kwa urefu wake. Nilitaka ardhi inimeze, na nilikuwa nimeshaitoboa tayari. Profesa alikuja akaangalia. Badala ya kunitukana akachutama.

"Koske, njoo uone. Unaona hii mistari?"

Mimi na Opiyo hatukuwa tumewahi kuona tope letu ndani. Paipu zilikuwa zinapasuliwa Nairobi. Basi tukaona mistari, mweusi, kijivu, mweusi, kama mistari ya mkaa ndani ya mursik kabla hujatikisa kibuyu. Na kila mstari ulikuwa umekunjwa kwenye ncha zake, umeelekea chini pande zote mbili. Profesa akaeleza: paipu ikishuka, ukuta wake unashika tope la pembeni na kulivuta chini kidogo, la katikati linabaki palepale.

"Imekuwa kama kofia," nikasema.

"Kofia. Vizuri."

Hiyo ndiyo siri ya kwanza ninayowapa bure. Paipu ikipasuliwa na ukaona kofia zimekaa vizuri, moja juu ya nyingine, umesimama sawa. Ukiona bakuli, umeshika kitu kichwa chini.

Kutofautisha juu na chini ilikuwa kazi ya Opiyo. Paipu ikitoka, kabla hata haijapanguswa, alichora mshale kwa msumari ukielekea juu. Hakuandika herufi yoyote. Alisema mshale hauna kabila.

Sasa akaja Akinyi.

Alikuwa mwanafunzi wa Profesa, wa kwao Opiyo, mwembamba, na kichwa kigumu kama cha mbuzi dume. Kazi ya tope lile ndiyo ingempa shahada yake ya juu. Siku ya kwanza aliingia kwenye kinamasi cha mtoni kule chini ya Bomet na viatu vya kanisa kwa sababu mizigo yake ilichelewa, akatoka na kimoja. Hakulalamika. Alivua kile kilichobaki akakitupa kwenye matete, akasema, "Kiende kikamtafute mwenzake." Hapo nikampenda kama binti yangu. Na tofauti na wengine waliokuja kabla yake, alituuliza maswali na kusubiri jibu. Alitaka kujua kwa nini naonja. Akaonja na yeye, akatema, akaonja tena.

Wiki ile muhimu Opiyo hakuwepo. Alikwenda kwao kumzika mjomba wake. Profesa alikuwa Nairobi akifundisha. Kwa hiyo tulikuwa mimi na Akinyi na vibarua wawili wa kuning'inia kwenye mti, na tulitoa paipu tatu nzuri ajabu, ndefu, hazina hata povu. Akinyi mikono yake ilikuwa tope mpaka kwenye viwiko. Akanirushia ile kalamu nene isiyofutika.

"Mzee Koske, hebu niandikie kwenye kila paipu. Huku mwanzo, huku mwisho."

Ningeweza kuuliza: mwanzo ni upande gani? Swali la maneno manne. Lakini fikirini mtu aliyesema amefika darasa la saba, amepewa kalamu kwa mara ya kwanza mbele ya vibarua wawili. Sikuuliza. Na kusema kweli sikuona kama kuna la kuuliza. Mimi ni mchimbaji. Mchimbaji anaanzia juu. Hata kwenye uwanja wa mbio, mwanzo ni pale unapoweka mguu kwanza. Basi nikaandika upande wa juu MWANSO, kwa S yangu ile ile, na upande wa chini MWISHO, polepole, herufi zimesimama kama askari. Nilijivunia. Nilirudi nyuma hatua mbili kuziangalia.

Akinyi alikuwa mwanafunzi wa mambo ya kale. Kwake yeye mwanzo ni pale tope lilipoanza kulala. Mwanzo uko chini.

Paipu zikaenda Nairobi. Opiyo akarudi kutoka matanga, tukaendelea na mto mwingine. Hakuna aliyejua lolote.

Miezi ikapita. Mvua ndefu zilikuwa zimeanza, ile ya kwetu inayofika saa tisa alasiri kama mtu wa ofisi, siku Landrova iliposimama nje ya boma langu. Akinyi ndiye alikuwa akiendesha. Nyuma alikuwa amebeba nusu ya paipu moja, imepasuliwa kwa urefu, imefungwa kwa nailoni kama mtoto mchanga.

"Hakuna mtu amewahi kuwaonyesha mlichotoa," akasema. "Nimeona si haki."

Tulitoa meza nje. Opiyo alikuwepo. Mke wangu, Mama Chebet, alileta chai. Akinyi akafungua nailoni, akaelekeza upande wa mwanzo upande wake, akaanza kutusomea nchi yetu kwa kidole. Alisema zamani kabisa, huku kwenye mwanzo, kulikuwa na udongo mwekundu uliotiririka kutoka mashambani, na mkaa wa watu kuchoma msitu. Baadaye kukaja maji mengi, kinamasi cheusi. Na karibu na siku zetu, huku mwisho, nchi ikakauka, vumbi jeupe likafunika kila kitu. Alisema ni jambo geni, hakuna aliyewahi kulisema. Majibu ya umri wa tope yalikuwa bado hayajarudi kutoka ng'ambo, lakini Profesa, aliyeona hesabu zake tu na si tope lenyewe, amekubali aendelee. Baada ya wiki mbili angesimama mbele ya walimu wake wote. Wakimkubali, anaingia kwenye watu. Wakimkataa, miaka minne imeenda na maji.

"Mnaonaje?" akauliza, macho yanang'aa.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake, naangalia mistari. Bakuli. Mstari baada ya mstari, bakuli, bakuli, bakuli, kama vyombo vya harusi vilivyopangwa tayari kupakuliwa. Na pembeni ya plastiki, herufi zangu zimesimama kama askari.

Nikasema nakwenda choo.

Hicho choo nilichimba mwenyewe, na mtu hufikiri vizuri akiwa ndani ya kazi yake. Nilikaa pale nikasikia wanacheka mezani. Niliwaza hivi, na sitawadanganya. Niliwaza kwamba hakuna anayejua. Majibu ya ng'ambo yatakuja, watasema mashine imekosea, ama Nairobi ndio waliigeuza. Nikisema, nitatoka kwenye ile kazi kwa njia niliyoingilia, shimoni. Na nitasema pia darasa la pili, kwa sababu hilo kosa lina mama yake. Halafu niliwaza yule msichana amesimama mbele ya wazee wenye tai, anawaambia kwa nguvu zake zote jambo lililo kichwa chini, kwa sababu mzee mmoja wa Sosiot alipenda mwandiko wake.

Nikatoka.

"Akinyi, geuza."

"Nigeuze nini, Mzee?"

"Hiyo tope. Imelala kichwa chini. Mwanzo niliandika juu, mahali tulianzia kuchimba."

Akatabasamu kama ninatania. Kisha tabasamu likakaa tu usoni, limesahauliwa hapo.

"Sitanii. Na sikusoma mpaka la saba. Niliishia la pili. Ningekuwa nimeuliza, lakini sikutaka wale vibarua waone sijui."

Mama Chebet akaweka birika chini. Opiyo alikuwa anaangalia kikombe chake. Akinyi akasema kwa sauti ndogo sana, "Una uhakika? Mzee, una uhakika kabisa? Kwa sababu kama huna..."

"Mama Chebet," nikaita, "ule ugali wa wimbi wa mchana ulibaki?"

"Ulibaki. Una njaa saa hii?"

"Lete. Na ule mweupe."

Nikapanga kwenye sufuria: wimbi chini, mweupe katikati, wimbi juu, nikaufinyilia. Mke wangu akasema, "Mnachezea chakula, watu wazima?" Nikachukua kipande cha paipu nilichokuwa nacho cha kukinga maji ya paa, nikakisukuma taratibu mpaka chini, nikakitoa, tukakipasua kwa msumeno. Mstari mweupe ulikuwa umekunjwa kuelekea chini pande zote mbili.

"Kofia," nikasema. "Sasa angalia yako."

Aliangalia ugali. Akaangalia tope. Akaangalia ugali tena. Halafu akakaa chini kwenye nyasi, na nguo yake nzuri ya mjini, akafunika uso.

Nilidhani nimemuua. Kumbe alikuwa anacheka, na analia, huwezi kutenganisha. Alipopata pumzi akatuambia kitu ambacho hakuwa amemwambia mtu. Katika ile sehemu ya mwanzo, aliyodhani ni ya zamani kuliko zote, alikuta chini ya kioo cha kukuzia unga wa maua ya blugamu. Na blugamu, kila mtu anajua, ililetwa na wazungu, ipandwe kuwa kuni za viwanda vya chai. Haiwezi kuwa huko chini. Kwa hiyo aliamua ni uchafu wake mwenyewe, ulitoka kwenye nguo zake, kwenye nywele zake. Aliosha vyombo. Aliosha tena. Kila alipoangalia, blugamu ilikuwepo. Mwishoni aliacha kuihesabu, na hakusema, kwa sababu aliona haya kwamba yeye ni mtu mchafu asiyeweza kazi.

"Miezi mitatu," akasema. "Miezi mitatu nimekuwa nikijinusa, Mzee."

Hapo ndipo aibu yangu yote ilipoishia, kwa sababu niliona yake. Mimi nilificha darasa langu, yeye alificha blugamu yake, na katikati yetu nchi nzima imelala kichwa chini.

Tukageuza meza. Si paipu, meza nzima, mimi na Opiyo, kwa sababu hakuna aliyetaka kuligusa tope. Akinyi akaanza upya kwa kidole. Chini, zamani sana: vumbi jeupe, nchi kavu. Kisha mvua, kinamasi cheusi, kirefu, kirefu. Kisha juu, juzi juzi: mkaa, udongo mwekundu wa mashamba, blugamu. Kila kitu kikakaa mahali pake. Ilikuwa kama kumsikia mtu anayerudia hadithi uliyoijua ukiwa mtoto. Kisha mvua ya saa tisa ikafika, tukakimbiza tope ndani ya nyumba kabla ya kukimbiza chai.

Opiyo akabaki na mimi chini ya paa.

"Omera," akasema, "ndugu yangu, nami niliona bakuli."

"Na ukanyamaza!"

"Nilikupa muda wa kikombe changu kimoja cha chai. Ningekimaliza kabla hujasema, ningesema mimi." Akapuliza chai yake kama anaipima gredi. "Ulikaa sana choo. Chai ilikuwa inakwisha."

Kwa Profesa nilikwenda mwenyewe, alipokuja wiki iliyofuata. Wengine wakisimulia hapa wanasema alicheka akanipiga bega. Hakucheka. Alikasirika mpaka miwani ikaingia mvuke. Akasema, "Hiyo ya darasa la pili sijali hata kidogo. Ya kutouliza ndiyo najali." Alinitoa kwenye paipu. Msimu mzima nilibeba maji na kuosha Landrova, na paipu zote za nyuma zikapitiwa upya moja moja kuona kama kuna bakuli nyingine. Haikuwepo, zilikuwa na mshale wa Opiyo. Niliosha lile gari vizuri sana. Nilikuwa na hasira, na ukiwa na hasira ni afadhali ukutane na tope lililokauka.

Msimu ule ule niliingia ngumbaru, shule ya watu wazima, jioni pale kanisani. Nilikaa kwenye benchi na kina mama wanaojifunza kusoma barua za watoto wao. Z nilijifunza. Mdomoni bado haikai.

Akinyi alisimama mbele ya wazee wake wa tai. Walimkubali. Alituambia kwamba mmoja alimuuliza ana hakika gani kwamba tope lake limesimama sawa, akawachorea kofia ubaoni, na akasema alifundishwa na mtu kwa kutumia ugali. Walidhani ni mzaha.

Profesa alinirudishia kalamu mwaka wa ile mvua kubwa ya Elinino. Mto ulipanda ukalala juu ya kinamasi siku kadhaa, na uliposhuka ulikuwa umeacha mchanga wa unene wa kiganja, kwa juma moja, mahali tope jeusi lilichukua umri wa babu zangu wengi kupata unene huo. Tulitoboa pale. Paipu ikatoka, Opiyo akachora mshale wake, na Profesa akatoa kalamu mfukoni akanishikisha.

"Andika juu ni wapi. Kwa neno lisiloweza kumpotosha mtu."

Nikafikiri. Mwanzo, hapana. Juu, hapana pia, kwa sababu watu wa mto wakisema juu wanamaanisha kule maji yanakotoka. Nikaandika KOFIA.

Kwa hiyo nyinyi mnaobeba paipu siku hizi na kuandika KOFIA kwenye ncha, mkiulizana kama ni jina la mto ama la mfadhili, mjue ni kosa langu mnaliandika. Liandikeni vizuri, herufi zisimame. Na ukipewa kalamu mbele ya watu, uliza upande gani. Ukiona haya kuuliza, nitakuazima Landrova uioshe.

Siku niliyostaafu walinifanyia sherehe ndogo hapa nyumbani. Opiyo alileta samaki, nikala na miiba yake yote ili asipate la kusema. Akinyi alikuja kutoka Nairobi, sasa ni daktari wa hayo mambo, nywele zimeanza kuwa na mvi mbele, akanivisha zawadi kichwani yeye mwenyewe: kofia ya manyoya, nzuri, ya mzee. Pasta akasimama kuomba, nikaivua kwa heshima. Amina ikapita, watu wakaanza kuzungumza, nami nilikuwa bado nimeishika mkononi, naigeuza-geuza.

Akinyi akainama sikioni mwangu.

"Ivae, Mzee," akasema. "Sasa nitajuaje juu ni wapi?"